Mswaki wa Baada ya Mbio

Saa moja na robo asubuhi, kama kawaida, mswaki ulianza kulia bombani. Dada alikuwa chumbani anapiga pasi sare yake ya kazi, mlango wa uani uko nusu wazi, wala hakuhitaji kuchungulia ili ajue kinachoendelea. Mdogo wake amerudi kutoka mazoezini, amemaliza chupa ya tatu ya kile kinywaji chake cha nguvu, amevua viatu, na sasa ameinama kwenye bomba anajisugua meno kwa bidii ile ile anayopandia vilima. Kwaru, kwaru, kwaru. Tena kwa mswaki mgumu, maana ule laini anasema haumpi raha.

Dada aligeuza kola, akaipiga pasi upande wa pili, akanyamaza.

Kunyamaza huko kulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, sawasawa na umri wa kazi yake ya sasa. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Aliosha vyombo, alishika mrija wa kufyonza mate, alichanganya dawa ya kuzibia matundu, na mwisho wa yote alimsindikiza mgonjwa mpaka mlangoni akampa somo. Somo lenyewe alilijua kama jina lake: vinywaji vyenye sukari na tindikali hulainisha ganda la jino, ukipiga mswaki hapo hapo unalikwangua likiwa laini, suuza kinywa kwa maji, ngoja angalau nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo upige mswaki. Kwa wiki aliwaambia watu thelathini, arobaini. Aliwaambia wazee, aliwaambia madereva, aliwaambia watu ambao hata salamu yake hawakuitikia vizuri. Mtu mmoja tu hakumwambia, na huyo alilala naye chumba kimoja.

Alimwonea wivu. Tuseme wazi, maana hata yeye mwenyewe alikwisha kukiri mbele ya kioo. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na jina lake lilikuwa limeanza kutajwa redioni. Dada naye aliwahi kukimbia. Walianza pamoja, na siku hizo Dada ndiye aliyekuwa mbele, Kitinda akija nyuma analia asubiriwe. Kisha baba yao akaugua akalala kitandani, ikabidi mmoja atafute kazi, na mkubwa akawa ndiye. Miaka saba imepita. Sasa akikutana na jirani njiani, jirani anauliza, "Mdogo wako hajambo?" na akishajibiwa huyoo anakwenda zake, hajauliza la pili.

Hata ukutani sebuleni, pale kilipokuwa kimetundikwa cheti cha Dada cha mbio za shule, siku hizi palikuwa na picha ya Kitinda akikata utepe. Mama, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa vipimo, alipima ukuta akaona picha ile inakaa vizuri pale tu. "Cheti chako nimekihifadhi nyuma ya kabati, mwanangu, kisipigwe na jua," alisema. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana kijiba cha roho kilimkaa Dada mpaka leo.

*

Zilibaki wiki tatu kabla ya mbio za mchujo. Kilomita arobaini na mbili, wanawake watatu wa kwanza wanaingia kwenye timu ya taifa, wengine wanarudi nyumbani kupika. Ndipo Jumamosi moja Kitinda akaletwa amekaa nyuma ya pikipiki ya Kocha, midomo imekauka, miguu inamtetemeka kama ya mtu aliyetoka homani.

"Nani anayemtengenezea huyu chupa zake?" Kocha alifoka kabla hata hajakaribishwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

"Anatengeneza mwenyewe," Mama alijibu, akiondoa vitambaa kwenye kiti. "Kuna nini tena, Kocha?"

"Kuna kwamba kilomita ya ishirini na sita amesimama. Kusimama, Mama! Nimeonja chupa. Maji matupu. Ile poda iko kwenye kopo, imepambwa kama maua."

Kitinda aliinamisha kichwa. Kocha akamgeukia Dada kana kwamba yeye ndiye mwenye akili pale ndani. "Dada'ke, wewe uliwahi kukimbia, utanielewa. Mwili una ghala lake la sukari, kwenye misuli na kwenye ini. Kwa kasi ya mashindano, saa moja na nusu, ukijitahidi saa mbili, ghala linakauka. Mafuta unayo, lakini mafuta yanawaka polepole, hayakupeleki na wenye mbio zao. Kile kinywaji si anasa. Kila baada ya dakika ishirini anaongeza mafundo mawili, ghala linadumu mpaka mwisho. Asipokunywa, kilomita thelathini anaonana na ukuta, mwili unakataa kwenda."

"Si kwamba sitaki," Kitinda alisema polepole. "Jino linaniuma."

"Jino gani?"

"Haya ya mbele. Yakigusa kitu kitamu yanaingia ganzi, halafu maumivu yanapanda mpaka jichoni. Hata upepo wa alfajiri siuwezi. Nilidhani yatapona, ndiyo maana nimezidisha mswaki."

Mama alipiga makofi ya mshangao. "Na nyumba hii ina mtu wa meno! Si umwambie dadako?"

"Dada anachoka na kazi. Sikutaka kumzidishia."

Dada alihisi uso wake umewaka moto. Angeweza kusema pale pale. Maneno aliyazoea, yangetoka yenyewe. Badala yake akasema, "Jumatatu njoo kliniki nikuingize mapema," na kila mtu akamshukuru.

Kocha alipokuwa anawasha pikipiki alikumbuka jambo. "Na siku ya mbio kila mkimbiaji ana mtu wake mmoja wa kumpa chupa. Huyu amekuandika wewe, tangu mwezi uliopita. Anasema hakuna mwingine anayejua kukimbia pembeni yake bila kumkanyaga."

*

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono myepesi na maneno machache. Alimlaza Kitinda kwenye kile kiti, akavuta taa, akaingiza kioo kidogo. Dada alisimama upande wa pili na mrija wake, barakoa imemfunika mpaka macho. Alishukuru kuwa na barakoa.

"Hebu nione. Aisee. Haya mawili ya mbele yamelika, angalia, kingo zimekuwa nyembamba unaona mwanga ng'ambo. Na hapa kuna tundu. Unakunywa nini?"

"Kinywaji cha mbio, Daktari. Chupa tatu, siku nyingine tano."

"Kwa mara moja au unaonja onja?"

"Naonja onja, saa mbili nzima. Halafu nakizungusha mdomoni kwanza, kinanipa nguvu hata kabla ya kumeza."

"Ni kweli kinakupa, ubongo unadanganyika. Lakini jino nalo linaogeshwa sukari na tindikali saa mbili, na ukikimbia mdomo unakauka, hata mate ya kulisafisha hakuna." Daktari alibadilisha chombo. "Mswaki unapiga?"

"Sana!" Kitinda alijibu kwa namna ya mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. "Asubuhi, jioni, na kila nikitoka mbioni. Nikimeza fundo la mwisho tu, nakimbilia bombani. Sikai hata dakika."

Mkono wa Daktari ulisimama. "Nani amekufundisha hivyo?"

Kitinda, pamba shavuni, akamnyooshea kidole mtu wa upande wa pili, na katika kunyoosha kule kulikuwa na fahari. "Dada. Tangu nikiwa mdogo kabisa. Ukila kitamu, kimbilia mswaki."

Mrija uligusa ulimi ukatoa mlio mbaya. Dada akaurudisha mahali pake. Daktari alimtazama mara moja juu ya miwani, muda wa kutosha, kisha akarudi kwenye jino.

"Mtoto kumfundisha mtoto si kosa," alisema. "Lakini hapo ndipo ulipojiumiza. Lile ganda likiwa laini, wewe unalikwangua kwa mswaki. Nesi wangu atakupa somo lote, analitoa mlangoni kila siku. Mwulize."

Kazi ilichukua dakika arobaini. Dada alichanganya dawa ya kuziba, akaipitisha, akafyonza, akapangusa, na mikono yake haikukosea hata mara moja. Daktari alipovua glavu alimwambia kwa sauti ya chini, "Sikuulizi kitu," na hilo lilimuuma kuliko kuulizwa.

Walifika mlangoni. Kitinda alisimama pale pale wanaposimama wagonjwa wote, kwenye zulia dogo lililochakaa katikati. Macho yake yalikuwa hayana ile fahari tena.

"Haya," alisema. "Nipe somo."

Dada alianza, kwa sababu hakujua la kufanya lingine. "Usikizungushe mdomoni. Rusha nyuma ya ulimi, meza, kisha fuatisha na maji. Ukimaliza suuza. Mswaki usubiri nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Uwe laini."

"Ulilijua lini?"

"Wiki ya kwanza ya kazi."

"Na asubuhi ulikuwa unanisikia pale bombani."

"Nilikuwa nakusikia."

"Kila siku."

"Kila siku."

Mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye benchi alikunja gazeti lake ili asikie vizuri. Kitinda hakumjali. "Kwa nini, dada?"

Uongo ulikuwepo, mwingi tu: nilisahau, nilidhani unajua, nilikuwa nachoka. Dada aliupitia wote akauona umechoka kuliko yeye. "Nilikuonea wivu," alisema. "Kila unapotoka na viatu vyako mimi napiga pasi. Nilitaka na wewe kitu kikuharibikie. Kitu kidogo tu."

"Kidogo," Kitinda alirudia. Akapitisha ncha ya ulimi kwenye meno yake ya mbele, akajikunyata kwa maumivu, akateremka ngazi bila kuaga.

*

Wiki mbili zile ndugu hao walisemeshana kwa kupitia Mama. Kitinda alihamia sebuleni na godoro lake. Akitaka chumvi mezani anasema, "Mama, mwambie mtu anipe chumvi," na Mama anahamisha kichupa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, sentimita thelathini, kama anayevusha mzigo mpakani. Aliwauliza wote wawili kuna nini, hakuna aliyemjibu. Fundi cherehani anajua kitambaa kikichanika kwenye mshono kinashoneka, na kikichanika katikati ni habari nyingine. Hii hakujua ni ipi, akaamua kunyamaza asije akaivuta zaidi.

Jino lilitulia. Kitinda alirudia poda yake, safari hii kila chupa ya kinywaji ameifunga ubavuni na kichupa cha maji kwa mpira wa kufungia noti, kimoja baada ya kingine, nyuma ya ulimi, meza, fuatisha. Asubuhi bomba lilikuwa kimya. Dada alipiga pasi katika ukimya ule akaona heri kelele za mswaki.

Siku tatu kabla ya mbio, Mama alikuja chumbani akasimama mlangoni, anapindapinda ncha ya kanga. "Ameniandika mimi," alisema. "Wa kumpa chupa. Kwa Kocha amefuta jina lako akaniandika mimi. Mimi, na magoti haya! Mwanangu, umemfanya nini mwenzio?"

Dada alimweleza. Alieleza yote, hakupunguza. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, na kwa muda mrefu alinyoosha shuka lililokuwa limenyooka.

"Na mimi nilikuwa naisifu ile sauti ya mswaki," alisema mwishowe. "Nasema mtoto wangu msafi."

*

Mbio zilikuwa za mzunguko: kilomita kumi kuzunguka barabara pana za mjini, mara nne, kisha kipande cha mwisho. Meza ya chupa ilikuwa mahali pamoja, kwa hiyo kila mkimbiaji angeipita kilomita ya kumi, ishirini, thelathini na arobaini. Taratibu zilimruhusu mtoa chupa kukimbia pembeni ya mtu wake kuanzia mezani mpaka kwenye kibendera chekundu, hatua hamsini mbele. Akishavuka kibendera, mkimbiaji wake anatolewa.

Dada hakualikwa. Alikwenda, akasimama nyuma ya kamba kati ya watu, kama mtu aliyekuja kutazama tu.

Kilomita ya kumi Kitinda alikuja katika kundi la mbele, mabega yametulia. Mama alinyoosha chupa kwa mikono miwili kama anayempa mgeni chai. Vidole vya Kitinda vikagonga, chupa ikaruka, ikabiringika chini ya meza. Watu waliguna. Na ndani ya Dada, kitu kidogo kilifurahi. Alikisikia kabisa kikifurahi, akashtuka, akatazama huku na huku kama kuna aliyekisikia.

Kilomita ya ishirini Mama alijaribu kukimbia. Hatua tatu, goti likakataa. Kitinda ilibidi apunguze mwendo, karibu asimame, akanyakua, akapata fundo moja la kinywaji kabla mpira haujakatika na chupa zote mbili kumponyoka. Kundi lilikuwa limemwacha hatua thelathini. Alilifukuza, na Dada aliyewahi kukimbia aliona kwenye shingo yake gharama ya kulifukuza. Fundo moja kwa kilomita ishirini. Alihesabu moyoni kama Kocha: ghala litafika thelathini, haliendi mbele ya hapo.

Mama alikuja mpaka kwenye kamba, anachechemea, mikono imejaa chupa. Hakupaza sauti.

"Shika," alisema.

"Hanitaki, Mama."

"Sikukuuliza kama anakutaka. Nimemwomba msimamizi wa meza, amekubali tubadilishane. Shika."

Dada alipita chini ya kamba. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kazini, vyeupe, soli nyembamba. Alifunga mpira upya, akashika shingo ya chupa kwa ncha za vidole, kitako kikiwa juu ili mkono wa mkimbiaji upate pa kukamata, akasimama mwanzo wa njia.

Kilomita ya thelathini Kitinda alitokea wa nne. Wa tatu alikuwa mbele yake hatua kumi na tano, na pengo lilikuwa linakua. Mdomo ulikuwa wazi, macho yanatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alipoifikia meza akamwona aliyeshika chupa, na mkono wake uliokuwa umeanza kunyooka ukarudi kifuani.

Akapita.

Dada akamfuata. Hatua kumi alimfikia, hatua kumi na tano walikuwa bega kwa bega. "Chukua!" Kitinda alitazama mbele. "Chukua, nakwambia. Utanichukia kesho, utanichukia mwaka mzima, mimi nipo tu, siendi popote. Chukua sasa!" Watu walikuwa wanacheka, nesi mwenye viatu vya kazini anashindana na wanariadha. Hatua thelathini. Mapafu ya Dada yalikuwa yameshika moto, mapaja yamekuwa mazito, na kibendera kinakuja. "Kitinda," alisema, na safari hii hakupiga kelele kwa sababu pumzi ya kupigia kelele hakuwa nayo. "Usikubali nikushinde namna hii."

Hatua mbili kabla ya kibendera, mkono ukaja ukaichukua chupa. Dada alijizuia kwa kisigino, nusura aanguke kifudifudi.

Aliinama, mikono magotini, anahema kwa mlio. Alipoinua kichwa, mdogo wake alikuwa mbali. Amerusha fundo nyuma ya ulimi, amemeza, amefuatisha maji, na mwendo haukubadilika hata kidogo wakati akifanya yote hayo. Ulikuwa mwendo ule ule aliokuja nao kilomita thelathini. Dada alikuwa ameuweza kwa hatua hamsini.

Miaka saba alijiambia jambo moja, akiwa kwenye pasi, akiwa kwenye sinki la vyombo, akiwa mlangoni na wagonjwa: ile picha ukutani ilipaswa kuwa yangu. Kila wivu wake ulisimama juu ya jambo hilo. Sasa alisimama barabarani anatafuta pumzi, na jambo lenyewe halikuwepo tena.

Mama alifika, anaburuta mguu. "Amechukua?"

"Amechukua."

"Mbona unalia, sasa?"

"Nisingeweza, Mama. Hata kama baba asingeugua. Hata kama ningeendelea. Siyo mimi."

Mama akatoa leso mkunjoni mwa kanga akampangusa uso mzima, puani, machoni, kwa nguvu, kama mtoto aliyetoka kucheza. Kisha akampa chupa ya mwisho. "Atapita tena hapa," alisema. "Kaa tayari."

Dada alirudi mwanzo wa njia. Alivua viatu akaviweka chini ya meza, akasimama peku kwenye lami. Wivu ulikuwa bado upo, ila ulikuwa umekaa kimya kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali akakosa jibu. Ikapita nusu saa na dakika kadhaa. Wa kwanza alipita, wa pili akapita. Njia ikabaki tupu kwa muda, na watu wakaanza kunyoosha shingo.

Kisha Kitinda akatokea kwenye kona, wa tatu, peke yake, na kutoka kule mbali mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooshwa.